Ukuta Mwepesi wa Kimwani

Jumanne asubuhi Mrakibu Saburi aliliweka jalada mezani kwa Inspekta Kemilembe, akabaki amesimama. Hiyo ilikuwa njia yake ya kusema kwamba hakuja kwa mazungumzo.

"Kimwani," alisema. "Ukuta wa zahanati umemwangukia mzazi kitandani. Fundi aliyeujenga tunaye hapa rumande. Ijumaa jalada liende kwa mwanasheria wa serikali, na yeye aende pamoja nalo."

"Amekiri, afande?"

"Matofali yamekiri kwa niaba yake. Ukilishika moja utadhani umeshika mkate. Saruji ya wananchi iko wapi? Imeliwa."

Mwaka ulikuwa 1983, mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi, na Bukoba nzima ilikuwa imeshikwa na homa. Waliokuwa na sabuni nyingi kuliko nguo zao waliizika migombani. Waliokuwa na sukari waligundua ghafla kwamba wana ndugu wengi wa kuwagawia. Polisi walifanya kazi mpaka wakakonda. Kemilembe hakuwa na huruma na walanguzi, lakini alikuwa amekaa kazini vya kutosha kujua kwamba msako ukiwa mkali, anayekamatwa kwanza ni yule ambaye hakukimbia.

Akalichukua jalada, akashuka rumande.

Datius Karugendo alikuwa fundi sanifu wa ujenzi, mzaliwa wa Kahororo, kijana mrefu aliyekaa kwenye benchi akiishikilia suruali yake kwa mkono, kwa kuwa mkanda walikuwa wamemnyang'anya. Kemilembe alijitambulisha. Kabla hajauliza lolote, mahabusu akauliza yeye.

"Afande, yule mama yu hai?"

"Hujaambiwa?"

"Nimeulizwa saruji tu."

"Yu hai. Ana michubuko. Mtoto naye mzima."

Datius aliinamisha kichwa. Kemilembe alimwacha. Alikuwa amewahoji wezi wengi wa mali ya umma, na bado hakuwa amekutana na mmoja aliyeanza kwa kuulizia afya ya watu.

"Mungu ashukuriwe," Datius alisema mwishowe. "Sasa uliza."

"Kwa nini matofali yako ni mepesi?"

"Yana povu ndani. Baada ya vita tuliletewa majokofu ya chanjo na vyombo vya hospitali kutoka nje. Vilikuja vimefungiwa ndani ya yale madude meupe ya plastiki, yaliyo kama povu lililoganda. Vyombo vikagawiwa, madude yakabaki yamejaa ghalani. Saruji haipatikani, kokoto Kimwani hazipo, na lori halina mafuta ya kubeba kokoto kutoka mbali. Nikayasaga yale madude yakawa punje. Punje nikaziweka mahali pa kokoto."

"Na nguvu?"

"Povu halina nguvu hata kidogo, afande. Nguvu ni ya saruji na mchanga. Povu linachukua nafasi bila kuongeza uzito. Ukilizidisha, tofali linazidi kuwa jepesi na linazidi kuwa dhaifu. Ndiyo maana nguzo na linta, ile boriti ya zege juu ya kuta, sikuzitia povu. Zile ni zege zito, kokoto tulizibeba kwa taabu. Matofali yangu yanaziba tu katikati ya nguzo. Hayabebi paa."

"Na paa halikuanguka," Kemilembe alisema, kwa kuwa ndivyo jalada lilivyoonyesha.

"Halikuanguka. Lakini ukuta umeanguka, na ni ukuta wangu. Andika kwamba nimekosea. Nitasaini. Ila usiandike nimeiba."

"Vyote viwili vinaweza kukufunga."

"Najua. Cha kwanza ni changu. Cha pili siyo."

Kemilembe hakuandika chochote. Kukiri kwa namna hiyo kunamfurahisha karani tu. Mpelelezi bado anabaki na kazi yake yote.

Gari la polisi halikuwa na mafuta, kama kawaida ya mwaka ule, kwa hiyo alipanda lori la chama cha ushirika lililokuwa linakwenda kubeba kahawa. Lilipita Muleba mchana likitetemeka kila kiungo, na jioni likamshusha Kimwani akiwa na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Alilala kwa masista, akala ndizi na maharage, akashukuru.

Kulipokucha, katibu wa kijiji, Ndugu Protase, alimpeleka kwenye zahanati. Protase alikuwa mtu wa maneno mengi na viatu vilivyong'aa, na njia nzima alimlaani mhujumu Datius kwa sauti ya mkutano wa hadhara.

Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu. Nguzo zilikuwa zimesimama wima, linta imekaa sawa, bati halikupinda. Ukuta mmoja tu, ule wa chumba cha wazazi unaotazama bondeni, ulikuwa umelala chini. Nyumba nzima ilikuwa bado haijapigwa lipu.

"Ulianguka lini?"

"Usiku ule wa mvua ya upepo. Mvua ilipiga ubavu huu mpaka asubuhi. Kulipopambazuka, ukakaa kitako kama mlevi."

Ulikaa kitako. Kemilembe aliligeuza neno hilo kichwani. Ukuta unaosukumwa na upepo hulala chali. Unaokaa kitako umelegea miguu.

Alivua saa, akakunja mikono ya sare, akaanza kazi. Kwanza alichukua msumari akaukwaruza ukuta wa chumba cha dawa, uliokuwa umesimama. Msumari uliacha mstari mwembamba tu. Akaomba tofali moja lililobaki nje tangu wakati wa ujenzi, akalinyanyua hadi kifuani, akaliachia. Lilidunda kwa mlio mzito, likamenyeka pembe. Akalitia kwenye pipa la maji. Lilizama pole pole, kama lisilopenda. Akaliweka juu ya mawe mawili, akawaambia vijana wawili wanene kuliko wengine walikanyage pamoja. Wakalikanyaga, wakaruka juu yake, wakacheka. Tofali halikujali.

Kisha akalichukua moja kutoka kwenye kifusi, lile lililokuwa chini kabisa. Halikungoja msumari. Lilimomonyoka mkononi, na punje nyeupe za povu zikadondoka zima zima, safi, kama maharage yanavyotoka kwenye ganda lililokauka. Kwenye tofali zuri punje zilikuwa zimeshikwa: ukilivunja, nusu ya punje inabaki upande huu na nusu upande ule.

"Povu ni lile lile," alisema. "Kilichoshindwa kushika ni saruji."

"Ndiyo nilivyosema," Protase alidakia. "Saruji imeibwa."

"Ingeibwa saruji, Ndugu Katibu, mwizi angeiba kwenye kuta zote. Kwa nini aibe kwenye huu mmoja, na tena safu za chini peke yake? Hata mwizi ana akili."

Protase aliangalia viatu vyake, na huenda ndiyo sababu Kemilembe aliamua kumtembelea nyumbani. Sababu nyingine ilikuwamo kwenye jalada: shahidi asiyetaka kutajwa alisema kwamba katibu ana sakafu mpya ya saruji, nyekundu, inayong'aa kama kanisa.

Kweli iling'aa. Protase alisimama mlangoni akitoa jasho.

"Ya lini hii?"

"Ya... siku hizi."

Kemilembe alipiga magoti, akakwaruza pembeni kwa ukucha. Wekundu ulibanduka laini, ukanuka mshumaa. Chini yake kulikuwa na saruji kuukuu yenye nyufa, na ndani ya nyufa uchafu wa miaka. Hiyo ilikuwa sakafu iliyomwagwa kabla ya vita na labda kabla ya Azimio.

"Ndugu Katibu, umepaka nini?"

"Nta ya mishumaa," Protase alisema, sasa kwa sauti ndogo kabisa. "Na udongo mwekundu, na mafuta ya taa kidogo. Wakwe wanakuja kumposa binti yangu. Majirani wakasema nimepata saruji, nikawaacha waseme."

"Mwaka huu unaacha watu waseme una saruji?"

"Ilikuwa heshima, afande."

"Heshima hiyo nusura ikupeleke kulala na Datius."

Akamwacha akiwa amekaa kizingitini, ameshika tama. Kemilembe alirudi zahanati akicheka peke yake, lakini kicheko hakikumfikisha mbali. Alikuwa amempoteza mshukiwa pekee aliyekuwa naye mbali na Datius, na kesho yake ilikuwa Alhamisi.

Aliinama tena kwenye kifusi, na safari hii akatazama bila kugusa. Hapo ndipo alipowaona sisimizi. Walikuwa wametengeneza njia kutoka kwenye nyasi, wanapita juu ya matofali ya safu za juu bila kusimama, wanaingia kwenye yale ya chini. Wanatoka wamebeba vumbi. Akasogeza matofali mawili, matatu. Kila lililomomonyoka lilikuwa na wageni. Kila zima halikuwa nao.

Sisimizi hana haja na saruji. Kemilembe, aliyelelewa Bilele na mama aliyeficha sukari ndani ya sufuria lililokaa ndani ya beseni la maji, alijua sisimizi ana haja na nini.

Alimtuma mtu amwite Protase, aliyekuja mbio, mpole kama mwanafunzi.

"Zege mlilichanganyia wapi?"

"Kwenye mtumbwi wa pombe, afande."

"Ule wa kukamulia ndizi?"

"Huo huo. Siku ya kwanza tulichanganyia chini, kwenye uwanja. Upepo wa bonde ukaja, punje zote zikapaa. Migomba ikawa myeupe, kuku wakadonoa. Datius akasema tutafute chombo chenye kingo. Kijijini chombo kikubwa chenye kingo ni mtumbwi wa pombe. Tukauosha, akaukagua yeye mwenyewe, akakubali."

"Mliuosha kila siku?"

"Kila kundi la nyumba kumi lilikuwa na siku yake ya kujitolea. Datius aliwafundisha wa kwanza, kisha akaitwa vijiji vingine. Waliofuata walifanya kama walivyowaona wenzao."

"Ukuta huu ulianzwa na kundi gani?"

"La kwa mama Kokubanza. Mama mkwe wake Jovita, yule aliyeangukiwa."

Nyumba ya Kokubanza ilikuwa katikati ya kibanja cha migomba, ndani imetandikwa nyasi mbichi kwa ajili ya mzazi. Jovita alikuwa amekaa ameegemea ukuta, mtoto kifuani. Mgongoni, alipoinua kanga kumwonyesha, kulikuwa na doa moja pana la zambarau lililokwisha kuanza kufifia.

"Niliusikia unalia kama mchanga," Jovita alisema. "Nikamwinamia mtoto. Ukaja wote mgongoni kwangu. Nilisema basi, tumekwisha. Halafu nikashangaa napumua. Nikajisukuma, matofali yakaondoka kama magunzi. Afande, mimi nilizaliwa kwenye nyumba ya mawe, najua jiwe lina uzito gani. Angejenga kwa mawe, leo mngekuwa mnatukalia matanga wawili."

"Nimeona."

"Basi kwa nini mmemfunga? Shukrani ya punda ni mateke, wanasema. Lakini mimi si punda. Nataka kumshukuru huyo mtu, naambiwa yuko ndani."

Kemilembe aliona aibu. Kokubanza akaingia wakati huo huo na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akamkaribisha mgeni kwa kukunja magoti kidogo, kama wafanyavyo mama wa huko hata kwa mgeni mwenye umri wa binti yao. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa mwendo, mwenye macho yaliyojaa kicheko.

"Karibu, waitu, ndugu yetu. Tafuna. Wewe ndiye uliyemtoa rangi Protase?"

"Ilitoka yenyewe, mama."

Walicheka. Kemilembe alitafuna kahawa mbili, akasifu nyasi, akaulizia mvua, kisha akauliza kama anayepitisha muda: "Siku yenu ya kufyatua matofali ilikuwaje? Naambiwa mlitumia mtumbwi."

"Wetu wenyewe," Kokubanza alisema kwa fahari. "Tulikuwa tumekamua ndizi jana yake, pombe ya rubisi kwa ajili ya Kipaimara. Siku ya pili wakaja watu wa matofali."

"Mkauosha."

"Tukauosha vizuri. Tukatia maji, tukasugua kwa nyasi, mpaka mbao ikatakata."

"Na maji ya kuoshea?"

Kokubanza alimtazama kana kwamba ameulizwa mtoto anatupwa wapi. "Maji ya mtumbwi hayamwagwi, mwanangu. Matamu yale. Siku nyingine tunawapa ndama, watoto wanakunywa. Chemchemi iko chini kule, kupanda na mtungi mgongo unakatika. Siku ile matofali yalitaka maji mengi. Nikasema, bojo, jamani, kwa nini tuwaue wanawake kwa kupanda na kushuka, na maji tunayo? Tukachanganyia humo humo."

Kemilembe aliacha kutafuna.

"Na matofali yalikauka?"

"Yalichelewa. Wengine walianza kunung'unika. Nikawaambia, Datius alisema haya ya povu yana subira, msiyaguse mapema. Tukayaacha juani mpaka yakakauka kabisa. Yetu ndiyo yalikuwa ya kwanza kubebwa kwenye ukuta ule."

Ya kwanza kubebwa ndiyo ya kwanza kulazwa, na ya kwanza kulazwa ndiyo ya chini. Kemilembe alikuwa na jibu lake lote hapo, ndani ya kikapu cha kahawa, na hakulifurahia. Mama aliyekuwa mbele yake hakuwa amefanya lolote isipokuwa kuwahurumia wenzake.

Lakini jibu la kichwani halifiki mahakamani. Aliomba makopo mawili na saruji kidogo, ile iliyobaki kwenye ghala la zahanati. Kwa bahati, siku ile jirani alikuwa akikamua ndizi. Akachota maji ya chemchemi kwenye kopo moja, maji ya kuoshea mtumbwi wa jirani kwenye lingine. Saruji ile ile, mchanga ule ule, punje za povu zile zile, mkono ule ule wa kukoroga. Akayafunika yote mawili kwa majani ya mgomba, akayaweka uvunguni mwa kitanda alicholalia, akaufunga mlango kwa ufunguo wa masista.

Alhamisi asubuhi aliyabeba makopo mpaka kwa Kokubanza. Angeweza kwenda moja kwa moja Bukoba. Lakini aliona si haki mama yule asikie habari zake kutoka kwa watu wa barabarani.

"Mama, bonyeza hapa kwa kidole."

Kokubanza alibonyeza kopo la kwanza. Ukucha ukagonga.

"Na hapa."

Kidole kilizama mpaka kwenye kifundo, kikatoka na tope la kijivu. Kokubanza alikinusa. Alikuwa amekamua ndizi tangu ujana wake. Hakuhitaji kuelezwa ni harufu ya nini. Alitazama kopo, akatazama upande wa zahanati, kisha akamtazama mkwe wake na ule mgongo uliofunikwa kanga. Kicheko cha macho kilizimika.

"Ni maji yangu," alisema.

"Utamu unaizuia saruji isishike. Hukujua, mama. Hakuna aliyejua."

"Nimemwangushia ukuta mkwe wangu. Na mjukuu wangu akiwa chini yake."

Alirudi nyuma hatua moja, mikono ameificha nyuma, kama mtu anayeogopa kushika kitu asije akakivunja. Jovita aliinuka taratibu, mgongo ukimuuma, akatembea juu ya nyasi mpaka kwa mama mkwe wake, akamwekea mtoto kifuani. Hakumuuliza kama anamtaka. Ilibidi mikono itoke nyuma ikampokee.

"Shika, mama," Jovita alisema. "Yupo. Na mimi nipo. Tumshukuru Mungu, halafu tumtoe yule mtu."

Kemilembe alitoka nje akatazama migomba kwa muda. Kazi ya upelelezi humfundisha mtu kutilia shaka kila kitu, na kwa miaka mingi alikuwa mwanafunzi mzuri. Asubuhi ile alishukuru kwamba hakukuwa na chochote cha kutilia shaka.

Kokubanza alitoka akiwa amevaa kanga za kanisani.

"Lori lako linaondoka saa ngapi?"

"Mama, si lazima uje. Nitayapeleka maneno yako. Kutokumwaga maji si kosa la jinai."

"Mtu amelala ndani kwa ajili yangu, nami nimtumie salamu? Twende."

Ijumaa asubuhi walisimama kwenye yadi ya ujenzi ya mkoa, mbele ya mashine ya kukandamiza. Mhandisi Mujuni, mkuu wa yadi, alikuwa mtu wa maneno machache ambaye hakupenda polisi wala asubuhi. Mrakibu Saburi alikuja na jalada kwapani, tayari limefungwa uzi.

Mujuni aliliweka tofali la ukuta wa dawa, alilokuja nalo Kemilembe, akazungusha mkono wa mashine. Sindano ya kipimo ikapanda, ikapanda. Tofali likalia, likapasuka pole pole bila kusambaratika. Akasoma, akakubali kwa kichwa.

"Kwa nguzo, halifai. Kwa kuziba katikati ya nguzo, linafaa na linabaki. Lipigwe lipu lisinywe mvua, litadumu."

Akaweka lile la kifusi. Sindano haikufika popote. Tofali likawa unga na punje, na punje zikaanza kupeperuka yadini mpaka Mrakibu akaziondoa kwenye masharubu.

"Saruji imo," Mujuni alisema, akiusugua ule unga vidoleni. "Tena ya kutosha. Ila haikukomaa. Ilikauka tu. Kukauka na kukomaa ni vitu viwili."

Kemilembe akaweka makopo mawili mbele yao, akaeleza. Hakupamba. Alieleza upepo wa bonde, mtumbwi, Kipaimara, chemchemi ya mbali, sisimizi, mvua iliyolowesha safu za chini. Mujuni alibonyeza makopo yote mawili, kisha kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu.

"Wakati nasoma tuliambiwa tusiruhusu chai ya sukari karibu na zege. Mtumbwi wa pombe hawakuutaja. Nitautaja mimi."

Mrakibu Saburi alilitazama jalada lake.

"Kwa hiyo mshitakiwa ni nani?"

"Hakuna, afande. Hakuna kosa."

"Inspekta, mkoa mzima unaniletea wahujumu, wewe unaniletea maji ya ndizi."

"Ndiyo, afande. Na watu wawili walio hai kwa sababu ukuta ulikuwa mwepesi. Nao wamo kwenye maelezo."

Mrakibu alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu mbaya, na tofauti hiyo huonekana siku kama hizo. Aliufungua ule uzi wa jalada.

Datius aliletwa chumba cha mapokezi bado ameshikilia suruali. Aliwaona Mrakibu, Inspekta, na mama mmoja asiyemfahamu vizuri, akadhani ndiyo safari ya kwa mwanasheria. Kabla mtu hajafungua mdomo, Kokubanza alipiga magoti sakafuni mbele yake.

Datius alishtuka. Mama wa umri ule humpigia magoti mume wake, au mkubwa wake. Kijana, na tena mahabusu, haijapata kutokea.

"Mama, inuka. Mimi ni mtoto wako."

"Mtoto wangu ndiye niliyemfungisha. Maji yaliyoharibu matofali yalikuwa ya mtumbwi wangu. Nilichanganyia maji matamu nikidhani nawasaidia watu." Alivuta pumzi. "Lakini sikuja kwa hilo tu. Nimekuja kushukuru. Wakola, waitu. Wakola kwa mjukuu wangu. Wakola kwa mama yake. Na wakola kwa kukaa humu mahali pangu."

Datius alimgeukia Kemilembe.

"Yale mengine, afande? Kuta nyingine?"

"Zimepita kwenye mashine. Mhandisi Mujuni anasema zipigwe lipu tu. Anataka kukuona Jumatatu, kuna vijiji vinaulizia."

"Kwa hiyo sikukosea."

"Hukukosea. Na hukuiba."

Datius alishuka sakafuni, uso kwa uso na yule mama, akaishika mikono yake yote miwili, akalia bila kujificha.

"Nimekuweka ndani, mwanangu, nawe unanishika mikono?"

"Wewe ndiye umenitoa, mama. Ungenyamaza, nani angejua?"

Kwa mila ya huko, Kokubanza hakuweza kuinuka kabla hajainuliwa na yule ambaye yeye amempigia magoti. Datius hakuweza kuinuka mbele ya mkubwa aliyepiga magoti. Wakabaki hivyo, wote wawili chini, kila mmoja akimsihi mwenzake asimame, na konstebo wa mapokezi akawa amesahau kuandika. Kemilembe hakusogea, kwa sababu machozi yalikuwa yamemjaa na hakutaka wayaone.

Ikabidi Mrakibu Saburi, mwenye kitambi chake na nyota zake, ainame mwenyewe mpaka chini awashike mikono awainue, mmoja huku na mmoja huku, mkanda wa Datius, aliokuja kuurudisha, ukining'inia begani kwake.